Kisa cha Mwanza: tiba ya magonjwa ya zinaa ilivyopunguza VVU mara ya kwanza, ikagonga mwamba mara ya pili

Tuanze na namba mbili: 48 na 82.

Mwaka 1995 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza. Jamii sita zilikuwa zimepata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa. Jamii nyingine sita zinazofanana nazo zilibaki na huduma ya siku zote. Baada ya miaka miwili, kwenye zile sita za kwanza watu 48 kati ya 4,149 ambao mwanzoni hawakuwa na VVU walikutwa navyo. Kwenye zile sita za pili walikuwa 82 kati ya 4,400. Ukishasawazisha tofauti za makundi hayo mawili, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Chanjo haikuwepo, ARV hazikuwepo, na watu walipoulizwa kuhusu mwenendo wao wa ngono, majibu hayakuonyesha mabadiliko ya maana. Kilichobadilika ni zahanati.

Miaka 13 baadaye ukanda huohuo wa ziwa ukatoa namba nyingine mbili: 27 na 28. Hao ni wanawake walioambukizwa VVU wakiwa ndani ya utafiti mwingine, uliolenga ugonjwa mmoja tu wa zinaa, malengelenge ya sehemu za siri. Ishirini na saba walikuwa upande wa waliopewa dawa, ishirini na nane upande wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa haikuzuia kitu.

Mtu akisoma utafiti wa kwanza pekee atasema, "Tibu magonjwa ya zinaa, UKIMWI utapungua." Akisoma wa pili pekee atasema hiyo ilikuwa ndoto. Mimi nadhani zote nne ni namba za kweli, na ukizisoma kwa pamoja zinaeleza vizuri kuliko kitabu chochote namna maambukizi moja yanavyofungulia njia mengine.

Shaka iliyokuwepo kabla

Miaka ya 1980, katika kliniki za magonjwa ya zinaa za Nairobi, madaktari waliona jambo linajirudia. Wanaume waliokuja na vidonda vya uume baada ya kwenda kwa wanawake wanaouza ngono walikuwa wanapata VVU kwa kasi kuliko wenzao waliokwenda kwa wanawake haohao bila kupata kidonda. Kwa wanawake wanaouza ngono wa Pumwani, mtaa wa Nairobi, pia vidonda na klamidia, ugonjwa wa zinaa wa bakteria, vilionekana kutembea pamoja na VVU.

Lakini kutembea pamoja si kusababishana. Mwenye wapenzi wengi ana nafasi kubwa ya kupata kisonono, na ana nafasi kubwa ya kupata VVU. Ukivikuta vyote viwili kwa mtu mmoja, huwezi kuapa kwamba cha kwanza kilimvuta cha pili. Pengine vilipanda basi moja tu. Kuna na kizungumkuti kingine: VVU vyenyewe vinapunguza kinga, na kinga ikipungua malengelenge hurudi mara nyingi zaidi na vidonda huchelewa kupona. Kwa hiyo hata ukimkuta mtu ana vyote, hujui nani alitangulia.

Ndiyo maana Mwanza ilikuwa muhimu. Njia ya kulimaliza lile swali la basi ni kupiga kura: chagua kwa bahati nasibu jamii zitakazopata tiba bora na zitakazosubiri, kisha hesabu.

Kinachotokea kwenye ngozi

Kabla ya kwenda kwenye hesabu, tukaribie kidonda chenyewe, maana hapa ndipo pana utamu wa jambo.

Chukua mvuvi wa dagaa aliyerudi kambini alfajiri. Ana kidonda chini ya govi. Kinauma, kingo zake zimechimbika ovyo, kikiguswa kinatoka damu, na mtoki umevimba kinenani hadi anatembea akitanua miguu. Hiyo ni picha ya pangusa, ugonjwa wa zinaa wa bakteria. Kaswende huja kwa upole zaidi: mara nyingi kidonda kimoja, kigumu pembezoni, hakiumi. Kwa kuwa hakiumi mtu hukiacha kikauke chenyewe akidhani yameisha. Malengelenge huanza na muwasho au moto fulani, vinatokea vipele vya maji vimejikusanya kama kichane kidogo, vinapasuka, vinaacha vidonda vidogo vinavyowaka mkojo ukipita. Vinapona. Halafu siku moja vinarudi.

Tofauti zote hizo kwa VVU hazina uzito sana. Kwanza, ukuta umetoboka, na ngozi nzima ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Pili, na hili ndilo husahaulika, kidonda kinaita askari. VVU haviwezi kujishikiza kwenye seli yoyote tu. Vinahitaji seli zenye vishikio maalumu, hasa zile seli za kinga zinazoitwa CD4. Katika ngozi tulivu seli hizo ni chache na zimetawanyika. Bakteria wakivamia, mwili unapiga yowe, na seli za kinga zinakimbilia pale kama sungusungu walivyokuwa wakikimbilia boma lililoibiwa ng'ombe. Shida ni kwamba mvamizi wa pili hana haja na ng'ombe. Anawataka sungusungu wenyewe.

Kisonono, klamidia na trikomonasi kwa kawaida havitoboi ngozi, lakini navyo vinapiga yowe hilohilo ndani ya njia ya mkojo na kwenye shingo ya kizazi. Na yowe hilo lina madhara pande mbili. Kwa asiye na VVU linaongeza seli za kushambuliwa. Kwa aliye navyo tayari linaongeza virusi vinavyotoka. Mwaka 1997 utafiti wa Malawi ulipima shahawa za wanaume wenye VVU: waliokuwa na usaha kwenye njia ya mkojo walikuwa na virusi mara 8 zaidi kwenye shahawa kuliko wasio na usaha, ingawa kwenye damu makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Walipopewa antibiotiki, ndani ya wiki mbili virusi vile vya kwenye shahawa vilikuwa vimeshuka sana. Damu ya mtu haikubadilika. Kilichobadilika ni bomba tu.

Kutoka Rakai, Uganda, kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu kinahesabu tendo moja moja. Watafiti walifuatilia jozi 174 za wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, na hawakuwa na wapenzi wa nje. Kwa wastani VVU vilipita mara 1.1 katika kila matendo 1,000 ya ngono. Palipokuwa na vidonda sehemu za siri, namba ilipanda hadi 4.1. Karibu mara nne, ndani ya nyumba moja, kitanda kimoja.

Zahanati yenye dawa

Sasa Mwanza. Kazi ilifanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la afya la AMREF na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na serikali. Jamii 12 zilipangwa jozi sita kwa kufanana: za barabarani na za barabarani, za ufukweni na za ufukweni, za visiwani na za visiwani, na kadhalika. Kisha ndani ya kila jozi kura ikaamua nani aanze. Watu 12,537 wa miaka 15 hadi 54 waliandikishwa ili wapimwe mwanzo na mwisho. Wakati huo VVU vilikuwa kwa takriban asilimia 4 ya watu wazima wa vijiji vile. Shika hiyo asilimia 4, tutaihitaji.

Na ni nini hasa walichofanyiwa? Hapa ndipo watu hutarajia kusikia teknolojia. Haikuwepo. Watabibu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili. Anayekuja na usaha haambiwi asubiri maabara ambayo kijijini haipo. Anatibiwa kisonono na klamidia kwa mpigo. Anayekuja na kidonda anatibiwa kaswende na pangusa kwa mpigo. Anapewa na karatasi ya kumpelekea mwenza wake. Dawa zenyewe zilihakikishwa zipo. Wasimamizi walipita mara kwa mara kuangalia madaftari na kabati. Mjini palikuwa na kliniki ya rufaa na maabara ya kufuatilia kama dawa bado zinaua vijidudu. Na vijijini watu walielimishwa kuzijua dalili na kuja mapema.

Basi. Ni mambo ambayo kila mpango wa afya unaahidi kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba Mwanza yalifanyika.

Nasema hivyo kwa sababu anayeijua zahanati ya kijijini anajua lile kabati. Mtu ametembea saa mbili, ameona aibu njia nzima, amekaa kwenye benchi akiomba asimkute jirani. Akifika anaambiwa dawa zimeisha, akanunue. Hatanunua dozi nzima. Atanunua vidonge vinne kwa pesa aliyonayo, usaha utapungua, ataona amepona, na atarudi kwa mkewe. Mwingine hata zahanati hafiki, kwa kuwa anaamini ametegwa na mume wa mtu, na tego halitibiwi kwa sindano. Kila siku anayopoteza pale ni siku ambayo yowe linaendelea kupigwa.

Matokeo ya VVU nimeshayataja. Katika jozi zote sita, jamii iliyoboreshewa huduma ilikuwa na maambukizi machache kuliko pacha wake, kwa hiyo ni vigumu kusema ni bahati ya kijiji kimoja. Wachumi walipopiga hesabu baadaye, kila maambukizi ya VVU yaliyozuiwa yaligharimu takriban dola 218 za Marekani. Kwa miaka ile, hiyo ilikuwa bei ya kutupa.

Lakini kuna jambo ambalo lilipaswa kuwasumbua watu zaidi kuliko lilivyowasumbua. Magonjwa ya zinaa yenyewe hayakushuka sana. Kaswende hai ilikuwa asilimia 5 upande wa huduma bora na asilimia 7 upande wa pili. Wanaume wenye dalili za usaha walipungua kwa karibu nusu. Kwa wajawazito, kisonono na klamidia havikuonyesha kushuka kwa maana. Sasa VVU vimepunguaje kwa asilimia 40 wakati magonjwa yanayodaiwa kuvibeba bado yapo?

Maelezo ninayoyaona ya maana ni ya muda. Ukipima watu siku moja tu, kisonono cha siku nne na kisonono cha wiki sita vyote vinahesabika kimoja. Kwa VVU si kitu kimoja hata kidogo. Zahanati yenye dawa haikuwazuia watu wasiugue, iliwafupishia ugonjwa. Tena iliwafupishia hasa wale wenye dalili, ambao ndio wenye usaha mwingi na vidonda vibichi, yaani wenye milango iliyo wazi zaidi. Na ilifanya hivyo wakati VVU vilikuwa bado vinazunguka kwa watu wachache wenye wapenzi wengi, ambao ndio haohao walioshinda wanaugua kisonono na vidonda.

Ng'ambo ya mpaka

Rakai inapakana na Tanzania. Huko, kati ya 1994 na 1998, timu nyingine ilijaribu njia iliyoonekana kali zaidi. Badala ya kumngoja mgonjwa zahanati, walikwenda nyumba kwa nyumba na kuwapa dawa watu wazima wote, wenye dalili na wasio nazo, kila baada ya miezi 10. Azithromaisini, siprofloksasini, metronidazoli, na penisilini kwa aliyekutwa na kaswende. Kwa karatasi, hii ilipaswa kuishinda Mwanza kwa mbali.

Maambukizi mapya ya VVU yakawa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka kwenye kundi la dawa, na 1.5 kwenye kundi la kulinganisha.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wapo waliosema Mwanza ilibahatisha. Utafiti wa Masaka, hukohuko Uganda, nao haukuona VVU vikipungua, na Nairobi wanawake 466 wanaouza ngono walipopewa azithromaisini kila mwezi, kisonono na klamidia vilipungua, VVU havikupungua. Tatu kwa moja.

Lakini tazama vizuri. Rakai ilikuwa na VVU kwa takriban asilimia 16 ya watu wazima, mara nne ya Mwanza. Gonjwa likifika kiwango hicho limeshahama kutoka baa na kambi za wavuvi, limeingia ndani ya ndoa. Mke ambaye hajawahi kuugua kisonono maishani anaambukizwa na mumewe aliyeambukizwa miaka sita iliyopita. Antibiotiki hapo inamtibu nani? Isitoshe, Uganda ilikuwa imeshabadilika: watu walipunguza wapenzi mapema kuliko majirani, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa tayari yamepungua. Uchambuzi wa baadaye wa modeli za kompyuta, ukitumia takwimu za Mwanza, Rakai na Masaka, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ile inaelezwa na hali za watu hao, si na ubora wa utafiti. Na miezi 10 ni mingi. Unayemponya Januari anaweza kuambukizwa tena Machi, na Machi hakuna mtu anayebisha hodi.

Kisha kulikuwa na mtuhumiwa mmoja aliyekuwa amekaa kimya wakati wote. Vidonda vingi vya Rakai havikuwa vya kaswende wala pangusa. Vilikuwa vya malengelenge, na malengelenge ni kirusi. Hayasikii antibiotiki.

Kumfuata malengelenge

Kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, HSV-2, kinaenea kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wengi wenye nacho hawajawahi kuona kidonda wakakitambua. Kikishaingia hakitoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na kurudi juu ya ngozi kila kinapopenda. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2006 ulikadiria kwamba mwenye HSV-2 ana hatari ya kupata VVU karibu mara tatu ya asiye nacho.

Kuna dawa inayokizima bila kukifukuza, nayo ni asaikloviri. Hoja ikawa nyepesi: malengelenge yanaongeza VVU mara tatu, asaikloviri inazuia malengelenge, basi asaikloviri itapunguza VVU. Nakiri kwamba hata mimi, ningeulizwa mwaka 2004, ningeweka dau.

Utafiti wa Tanzania uliandikisha wanawake wa miaka 16 hadi 35 waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa, gesti na migahawa ya kaskazini-magharibi mwa nchi. Waliokuwa na HSV-2 lakini hawana VVU walikuwa 821. Kwa kura, 400 walipewa asaikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku, na 421 vidonge vinavyofanana visivyo na dawa. Wala wao wala waliowahudumia hawakujua nani ana nini. Walifuatiliwa kati ya miezi 12 na 30. Mhudumu wa baa anayefunga kazi usiku wa manane na kuamka saa nne kukumbuka kidonge, tena kwa mwaka mzima na zaidi, si jambo dogo. Hata hivyo makadirio ya umezaji yalikuwa ya juu, kama asilimia 90. Hawakuzembea.

Ishirini na saba, ishirini na nane.

Mwaka huohuo wa 2008 utafiti wa kimataifa wa watu 3,172, wanawake wa Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini na wanaume wanaofanya ngono na wanaume wa Peru na Marekani, ukatoa jibu lilelile. Mwaka 2010 ukaja mwingine wa jozi 3,408 za wenza katika nchi 7 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Huu uliigeuza hoja: dawa alipewa yule mwenye VVU, ili asimwambukize mwenzake. Vidonda vya malengelenge vilipungua kwa asilimia 73. Virusi vya UKIMWI kwenye damu navyo vilishuka. Walioambukizwa na wenza wao: 41 upande wa dawa, 43 upande wa pili.

Ukiambiwa dawa imepunguza vidonda kwa asilimia 73 na VVU havijashtuka, unarudi kwenye swali la mwanzo. Je, malengelenge nayo yalikuwa kwenye basi tu?

Jibu lililokuwa chini ya ngozi

Jibu bora ninalolijua lilichapishwa 2009 na watafiti wa Seattle, Marekani. Waliwachukua watu wachache wenye HSV-2 wasio na VVU, wakakata vipande vidogo vya ngozi mahali pa kidonda: kikiwa kibichi, kikishapona, kisha wiki baada ya wiki. Kila mara walikata na kipande cha kulinganisha kutoka ngozi ya jirani isiyowahi kuwa na kidonda.

Kwa macho, ngozi ilikuwa imepona kabisa. Hata kwa darubini ukuta wa juu ulikuwa umejiziba. Lakini chini yake seli za CD4 zilikuwa bado zimejazana, nyingi zikiwa na vishikio hasa ambavyo VVU vinavipenda. Zilikuwa kati ya mara 2 na mara 37 ya zile za ngozi ya jirani, na zilibaki pale kwa wiki nyingi, hata kwa waliokuwa wakimeza asaikloviri kila siku. Walipoweka VVU kwenye vipande hivyo maabara, virusi vilizaliana kwa urahisi zaidi kwenye ngozi iliyowahi kuwa na kidonda.

Yowe limenyamaza, mwizi kakimbia, sungusungu hawajarudi makwao. Wana sababu ya kubaki: HSV-2 hakijaondoka. Kinachungulia juu ya ngozi mara kwa mara, kwa saa chache, bila kipele, na askari wale wanamngoja.

Kwangu mimi hapa ndipo kisa kinapofunguka. Kisonono ukikiua kimekufa. Kinachowaita askari hakipo tena, na ndiyo maana shahawa za wanaume wa Malawi zilitulia ndani ya wiki mbili. Malengelenge ukiyazima umeondoa kidonda, hujaondoa kinachowaita askari. Tulikuwa tunatibu shimo la ukutani, kumbe mlango mkubwa zaidi ulikuwa umati uliosimama nyuma ya ukuta. Kwa hiyo 27 na 28 havisemi kwamba malengelenge hayana hatia. Vinasema asaikloviri haikugusa hatia yenyewe.

Kwa anayeingia zahanati leo

Mwanza ya 1991, utafiti ule ulipoanza, hairudi. Pangusa imekuwa adimu katika kliniki nyingi ambako zamani ilikuwa ya kila siku. Siprofloksasini, iliyokuwa ikimaliza kisonono kwa kidonge kimoja, imeshashindwa mahali pengi na nafasi yake imechukuliwa na sindano ya seftriaksoni. Na kubwa kuliko yote, ARV zimekuja. Mwenye VVU anayemeza dawa hadi virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono; tafiti za PARTNER za Ulaya zilifuatilia wenza waliofanya ngono bila kondomu, baadhi yao wakiwa na magonjwa mengine ya zinaa, na hazikupata hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenza aliye kwenye dawa. Ukilisoma hilo pamoja na Malawi unaelewa kwa nini: usaha hauwezi kuongeza mara 8 kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo uzito wote umehamia kwa yule ambaye hana VVU na ameugua. Nikiona mtu ana kisonono kipya au kaswende mpya, huyo kwangu si mgonjwa wa kisonono tu. Ni mtu aliyekutana, wiki chache zilizopita, na mtandao wa ngono ambamo magonjwa yanatembea, akiwa na seli zake za CD4 zimejipanga mlangoni. Kumchoma sindano na kumruhusu aende ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayofanywa na duka la dawa.

Nusu ya pili inaanza kwa kipimo cha VVU palepale. Kikitoka hasi, aelezwe kwa maneno ya kawaida kwamba maambukizi ya wiki mbili zilizopita yanaweza yasionekane bado, na apewe tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye kadi. Kama kuna tendo la hatari ndani ya saa 72 zilizopita, kuna dawa za dharura za siku 28. Kama maisha yake yana hatari inayojirudia, azungumziwe PrEP, vidonge vya kumkinga asiye na VVU. Vidonge hivyo, tofauti na asaikloviri, havihangaiki na sungusungu hata kidogo. Vinamzuia VVU asizaliane hata akiwakuta wamejaa uwanjani. Mwenye malengelenge yanayomrudia anahitaji mazungumzo hayo kuliko mwingine yeyote, na kwa uzoefu wangu ndiye anayeambiwa, "Hivi vitapona vyenyewe," akaondoka na tyubu ya krimu.

Halafu kuna mwenza. Ile karatasi ya Mwanza ya kumpelekea mwenza bado ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mwanaume anaikunja, anaiweka mfuko wa shati, na shati linafuliwa. Siku hizi namuuliza kabla hajatoka: "Namba yake unayo? Unampigia wewe, au tumpigie sisi bila kukutaja?" Wengi huchagua la pili. Wengine hukaa kimya kidogo, kisha wanauliza, "Yupi?"